Mlango una masharti

Simu inaweza kukuongoza kutoka mji mmoja hadi mwingine bila kukosea kona hata moja, halafu ikifika mbele ya jengo inatangaza kwamba umewasili na kuishia hapo. Umewasili wapi? Jengo lina ghorofa kadhaa, kila ghorofa ina korido zake, na mtu unayemfuata yuko humo ndani nyuma ya mlango mmojawapo kati ya mamia. Kuanzia hapo kilichobaki ni kumuuliza mlinzi.

Kazi yangu ni kutengeneza ramani za hicho kilichobaki. Nikijieleza hivyo, swali linalofuata huwa lile lile: kwani GPS haishiki ndani? Haishiki, na sababu yake si siri. Setilaiti za GPS zinazunguka kwenye kimo cha kilomita zipatazo 20,200, na mawimbi yake yakifika ardhini yamekuwa dhaifu mno. Zege na bati vinayameza. Yale yanayopenya dirishani yamekwisha kudunda kwenye kuta mbili tatu, kwa hiyo simu inapiga hesabu ya umbali kwa kutumia safari iliyopinda. Watu wakisikia hivyo huridhika, wakiamini kwamba siku kipimo cha ndani kikipatikana kazi itakuwa imekwisha. Mimi naona siku hiyo ndiyo kazi itaanza. Nipe leo kifaa kinachojua niliposimama bila kukosea hata sentimita moja, bado nitapotea, maana ndani ya jengo kujua ulipo ni jambo moja na kujua utapitia wapi ni jambo jingine kabisa.

Chukua korido ya kawaida. Ukuta wa kulia una unene wa sentimita 15, na nyuma yake mtu amekaa mezani kwake. Ukipima kwa futi ya fundi, hatuachani hata mita mbili. Ili nimfikie, lazima niende mpaka mwisho wa korido, nishuke ghorofa moja, nikatize mapokezi, nipande ngazi za upande wa pili, kisha nirudi nyuma. Uwanjani mita mbili ni mita mbili. Ndani ya jengo zinaweza kuwa hatua tatu au mwendo wa dakika tano, inategemea mlango uko wapi. Na kosa la mita mbili, ambalo barabarani hakuna anayelitambua, humu linakuhamisha chumba.

Historia ya vifaa vya kutafuta mtu ndani ya jengo inalionyesha hili vizuri kuliko nadharia yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, iliwavalisha wafanyakazi beji ndogo iliyorusha miale ya infraredi, ile ile ya rimoti ya televisheni, kila baada ya sekunde kadhaa. Kila chumba kilikuwa na kipokezi chake. Beji haikujua mita wala sentimita. Ilichoweza kusema ni kwamba fulani yuko chumba fulani, basi. Mwaka 2000, Paramvir Bahl na Venkata Padmanabhan wa Microsoft wakaonyesha njia nyingine: unazunguka jengo zima ukirekodi nguvu ya mawimbi ya mtandao usiotumia waya kwenye kila sehemu, unatengeneza daftari la nguvu hizo, kisha kompyuta ya mtu anayetembea inalinganisha inachokisikia na kilichoandikwa daftarini. Kosa la kawaida lilikuwa kati ya mita 2 na 3. Yalikuwa maendeleo makubwa, na mpaka leo mbinu nyingi ni wajukuu wa ile. Lakini angalia kilichopotea njiani. Mawimbi ya redio yanapita ukutani, kwa hiyo mita mbili hizo zinaweza kukuweka kwa jirani. Infraredi haipiti ukutani. Ile beji ya zamani, isiyojua kupima, ilipatia chumba kwa sababu ukuta ulikuwa sehemu ya kipimo chenyewe.

Kwa ghorofa hadithi ni fupi zaidi. Shinikizo la hewa hupungua kwa takriban hektopaskali 0.12 kila unapopanda mita moja, na baromita, yaani kifaa cha kupima shinikizo hilo, iliyomo kwenye simu nyingi inaweza kuhisi tofauti ya ghorofa moja. Shida ni kwamba hali ya hewa nayo hubadilisha shinikizo hilo hilo, kwa hiyo lazima kuwe na kipimo kingine cha kulinganishia. Halafu ukishajua uko kimo gani, bado hujajua ghorofa hiyo inaitwaje. Marekani ghorofa ya chini huitwa ya 1, Uingereza namba 1 ni ile ya juu yake, na kuna majengo yanayoruka namba 13 kabisa. Sisi tunaotengeneza data hizi tunazo safu mbili kwenye jedwali: moja ya kimo, nyingine ya jina lililoandikwa kwenye kitufe cha lifti. Usizichanganye kamwe.

Sasa tuje kwenye kile ninachokipenda. Mwaka 2014, shirika la viwango vya taarifa za kijiografia, OGC, lilipitisha kiwango kinachoitwa IndoorGML. Wazo lake kuu limeazimwa kutoka kwa Mfaransa Henri Poincaré, mtaalamu wa hisabati aliyefariki mwaka 1912 bila kuwa na habari kwamba siku moja angesaidia watu kutafuta vyoo ndani ya viwanja vya ndege. Unachukua jengo na kuligeuza. Kila chumba, ambacho kina urefu, upana na kimo, kinakuwa nukta moja tu. Kila ukuta unaotenganisha vyumba viwili unakuwa mstari unaoziunganisha nukta mbili. Yaani kile kilichokuwa kinatenganisha kinageuka kuwa kiungo. Mara ya kwanza nilipolisoma wazo hili niliona kama mchezo wa wanahisabati. Baadaye nikaelewa kwamba mistari hiyo si ya aina moja. Kuna mstari unaosema vyumba hivi vimepakana. Kuna unaosema vyumba hivi vimeunganishwa, maana ukuta wao una uwazi. Na kuna unaosema mtu anaweza kutoka hapa kwenda pale. Mistari ya kwanza ni mingi sana, ya pili michache, na ya tatu ndiyo yenye ugomvi.

Ugomvi uko hivi. Nani anaweza kupita? Mlango wa kadi ni uwazi kwa mfanyakazi na ni ukuta kwa mgeni. Ule wa dharura unafunguka kwa kusukumwa kutoka ndani, na nje hauna hata kitasa. Wa mbele unapitika asubuhi, jioni umefungwa. Kuna mlango wa sentimita 70 ambao wewe unaupita huku umeshika mwamvuli bila kufikiri, na mtu wa kiti cha magurudumu anaishia hapo. Ngazi kwake si njia. Kwa roboti la kusafisha sakafu, kizingiti cha sentimita tatu nacho si njia. Jengo ni lile lile, kuta zile zile, lakini kila mpitaji ana mtandao wake wa nukta na mistari, na kiwango hicho cha 2014 kinaruhusu mitandao hiyo kuwekwa tabaka juu ya tabaka: tabaka la vyumba, la mawimbi, la ulinzi. Mtandao ukishakuwa tayari, kutafuta njia fupi ndani yake ni kazi ndogo. Kanuni aliyoichapisha mtaalamu wa kompyuta Edsger Dijkstra mwaka 1959 inatosha, na simu yoyote inaimaliza kabla hujapepesa jicho. Jasho lote liko kwenye kuujaza mtandao ukweli.

Nieleze jinsi data yenyewe inavyopatikana, maana watu hudhani mashine inafanya kila kitu. Skana ya leza inasimamishwa kwenye miguu mitatu katikati ya chumba. Inazunguka, inatupa miale, inapima muda ambao kila mwale umetumia kwenda na kurudi, na kutokana na muda huo inaandika nukta. Mamilioni ya nukta. Ukiziangalia kwenye kioo cha kompyuta unaona chumba kizima kimejengwa kwa vumbi. Ni kitu kizuri kutazama, na kina uongo mwingi. Kioo cha kujitazamia ndicho kinara. Mwale unagonga kioo, unadunda hadi ukuta wa nyuma, unarudi kwa njia ile ile. Mashine inaamini umekwenda moja kwa moja. Kwa hiyo inaandika chumba cha pili nyuma ya kioo, kina masinki na mabomba yaleyale yakiwa yamegeuzwa kushoto kulia. Nimefungua data za choo cha ghorofa ya tano nikakuta choo pacha kinaning'inia hewani nje ya jengo. Ukuta wa vioo vya kupitisha mwanga unafanya kinyume chake: miale inapita, ukuta haupo, na tawi la mti wa bustanini linatokea ndani ya chumba cha mikutano kwa umbali ulio sahihi kabisa.

Halafu milango. Mlango ukiwa umefungwa wakati wa kupiga skana, mashine inaona uso bapa, na programu ya kutambua vyumba inauhesabu kama ukuta. Ukiwa wazi, ubao wake unakificha kipande cha ukuta kilicho nyuma, na programu inaandika shimo pale ambapo hapana shimo. Ukiwa nusu wazi, Mungu saidia. Ndiyo maana kabla ya kuwasha mashine tunazunguka jengo zima tukifungua milango na kuweka vizuizi vya kuishikilia, na kila mara kuna mtu anayetufuata nyuma akiifunga, kwa sababu ya kiyoyozi.

Unaweza kuuliza kwa nini tusichukue tu michoro ya msanifu majengo. Tunaichukua inapopatikana. Kuna muundo wa data wa ujenzi, IFC, uliofanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2013, na ndani yake ukuta ni ukuta, mlango ni mlango, dirisha ni dirisha. Hakuna haja ya kubahatisha. Tatizo ni kwamba mchoraji amefikiria vitu vinavyonunuliwa na kujengwa. Ukuta una gharama, mlango una gharama. Nafasi iliyo katikati yao haina bei, kwa hiyo mara nyingi haijachorwa kabisa. Programu inajaribu kuizalisha kwa kufuata kuta, inakutana na pembe mbili ambazo hazikugusana kwa milimita chache, na chumba kinavuja: ofisi inaungana na stoo, stoo na ngazi, mwishowe ghorofa nzima inakuwa chumba kimoja. Nimeona jengo likivuja mpaka nje. Na hata mchoro ukiwa safi, unaonyesha jengo lililokusudiwa. Lililojengwa ni jingine, na linalotumika leo ni la tatu.

Watu wa ramani za miji nao walikuwa na kituko chao. Katika kiwango cha CityGML, toleo la 2.0 la mwaka 2012, undani wa jengo ulikuwa na ngazi kadhaa, na sehemu ya ndani iliruhusiwa kwenye ngazi ya juu kabisa tu. Ulitaka kuonyesha vyumba? Basi sharti kwanza uwe na nje yenye madirisha na mapambo yote. Toleo la 3.0 la mwaka 2021 liliondoa sharti hilo, na sasa unaweza kuwa na vyumba ndani ya kisanduku cha kawaida. Nadhani lilichelewa. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani kuhusu shughuli za watu, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta kwamba Wamarekani hutumia takriban asilimia 87 ya muda wao ndani ya majengo. Tumechora kwa makini zaidi zile barabara wanazopita katikati.

Chumba chenyewe ni nini? Ukiwa na ofisi ndogo nne hakuna mjadala. Ukiwa na ukumbi wa kusubiria abiria wa mita mia mbili, nukta moja katikati haisaidii mtu. Njia itachorwa juu ya viti. Watafiti wawili, Abdoulaye Diakité na Sisi Zlatanova, walipendekeza mwaka 2018 njia ya kuukata ukumbi ambayo naiona ya busara kuliko nyingine nilizosoma. Kuna nafasi iliyokaliwa na kitu. Kuna nafasi inayohitajika ili kitu hicho kitumike. Kuna iliyobaki, na hiyo ndiyo ya kupita. Kaunta ina ubao wake, lakini pia ina eneo la mbele ambapo foleni husimama, na eneo hilo halionekani kwenye mchoro wowote. Sakafu ni ileile, hakuna mstari, hakuna kizuizi. Bado kila mtu mwenye adabu anajua kwamba hapo hapakatizwi. Skana haijui adabu.

Wasanifu walilitambua hili mapema kuliko wahandisi. Bill Hillier na Julienne Hanson, wa chuo kikuu cha UCL mjini London, walianza kulichunguza tangu miaka ya 1970. Walichofanya ni kuyachukua majengo, kuachana na vipimo vyake, na kuhesabu tu ni vyumba vingapi mtu anavipita kutoka mlango wa nje hadi alipokusudia. Waliita kina. Fikiria nyumba yenye vyumba vinne vinavyolingana. Ukiweka korido na kila chumba kikafungukia humo, hakuna chumba kilicho na kina zaidi ya kingine. Wa mwisho anaingia na kutoka bila kumwamsha wa kwanza. Ondoa korido, vyumba vifungukiane kimoja baada ya kingine, na mwenye chumba cha nne atawapitia watatu kila usiku. Eneo la sakafu linakaribia kuwa lile lile. Maisha yanayowezekana humo ni tofauti kabisa: nani anamwona nani, nani ana siri, nani lazima aombe ruhusa. Mahakama, magereza na hospitali husomeka hivyo hivyo: wageni wameishia kina gani, wenye mamlaka wako kina gani, na kuna njia ngapi kati yao. Kwangu mimi hii ndiyo kazi iliyokwenda mbali zaidi katika uwanja huu wote, na ilihitaji penseli tu.

Swali la kupotea limefanyiwa kazi na wanasaikolojia. Mwaka 1981 Gerald Weisman alitaja mambo manne yanayoamua kama jengo linaeleweka: unaona mbali kiasi gani ukiwa ndani, sehemu zake zinatofautiana kiasi gani, vibao vyake, na umbo la ghorofa. Wasimamizi wa majengo hukimbilia vibao kwa sababu ndivyo vya bei nafuu. Maktaba Kuu ya Seattle, iliyofunguliwa mwaka 2004 na kusifiwa sana kwa usanifu wake, imekuwa mfano wa darasani. Mwaka 2010 watafiti wanne waliandika kuhusu watu wanaopotea ndani ya majengo na kuitumia maktaba hiyo: ngazi za umeme zinawapandisha wasomaji hadi ghorofa za juu, lakini hakuna ngazi za umeme za kuwarudisha. Kwa lugha ya nukta na mistari, ni mstari wenye mshale wa upande mmoja. Kichwa cha binadamu hakiuamini mshale wa namna hiyo. Kimezoea kwamba nilikotokea ndiko nitakakorudia.

Mmoja wa wanne hao, Christoph Hölscher, alikuwa amewahi, pamoja na wenzake, kuwafuatilia watu wakitafuta vyumba katika kituo cha mikutano kule Günne, Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Wengine walishikilia sehemu ya katikati waliyoizoea. Wengine waliufuata kwanza uelekeo wa mahali walipokuwa wakienda, wakaja kushughulikia kupanda na kushuka baadaye. Wengine walihakikisha kwanza wamefika ghorofa husika, kisha wakatafuta. Waliolijua jengo walielekea kutumia njia hii ya tatu, na walifanya vizuri zaidi. Tangu niusome utafiti huo, programu inayoniambia "nenda mita 40 kaskazini-mashariki" ndani ya jengo la ghorofa huwa naifunga papo hapo.

Kompyuta zimefika mbali katika kutambua vitu. Mkusanyiko wa data uitwao ScanNet, wa mwaka 2017, una mikanda ya video zaidi ya 1,500 ya vyumba vilivyopigwa skana na kuwekwa majina kitu kwa kitu, na mashine zilizofunzwa kwa data kama hizo zinatenganisha kiti na meza bila taabu. Ni kazi nzuri. Ila zinafunzwa chumba kimoja kimoja, na nilichokuwa nikieleza tangu mwanzo kiko baina ya chumba na chumba.

Jaribio gumu la yote haya ni moto. Kengele ya hatari ikilia, lifti zinatoka kwenye hesabu. Katika majengo mengi ya kisasa milango ya kadi inaachia ili watu watoke, na ile mizito ya kuzuia moto, iliyokuwa imeshikiliwa wazi na sumaku siku nzima, inajifunga. Yaani kwa sekunde chache mistari iliyokuwa imekatika inaunganika na iliyokuwa imeunganika inawekewa kizuizi, halafu moshi unaanza kufuta mingine mmoja baada ya mwingine. Kuta hazijasogea hata kidogo. Ramani ya asubuhi haifai tena, na inayofaa lazima iwe ilikwisha kuandaliwa kabla: kila mlango unafungukia upande gani, unashikiliwa na nini, na umeme ukikatika unabaki wazi au unabaki umefungwa. Taarifa hizo hazipatikani kwa leza. Mtu anazunguka na karatasi, anasukuma, anavuta, anamuuliza fundi umeme, anaandika. Kwenye modeli nyingi ninazoletewa, zenye nukta mamilioni na rangi za kupendeza, safu hiyo haipo kabisa kwenye jedwali, kwa hiyo siku hizi naidai kwenye mkataba kabla sijapokea kazi.